Mchwa Fundi wa Lipu

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Nikiwapa mtasema nini?
— Ahsante, bibi!
Ahsanteni na nyie kwa kuja. Sogeeni.

Hapo kale Kiboko alizoa mtama wa wanyama wote, akaujaza ghalani kwake, juu ya nguzo nne nene. Bi Digidigi akaenda kuomba konzi moja tu, maana wanawe watatu hawajala tangu juzi. Kiboko akamfukuza. Njiani, huku analia, akamwona Mchwa mbele ya kwato zake. Akamruka asimkanyage.

"Ahsante, mama," Mchwa akasema. "Wengine hunipitia juu tu. Unalia nini?"

Akamweleza. Mchwa akafikiri kidogo. "Siku ya nne uje na kapu, usimame mbele ya ghala, kwa mbali kidogo."

Kisha akaenda kwa Kiboko. "Hodi! Bwana mkubwa, nguzo zako ziko uchi. Tuzipige lipu?"

"Kwa ujira gani?"

"Bure, bwana. Hata chakula tutajitafutia hapahapa."

"Ahsante sana!" Kwa cha bure, Kiboko angekubali kupigwa lipu hata masikioni.

Mchwa na ndugu zake wakaanza. Nje udongo, paka paka paka. Ndani mti, kwaru kwaru kwaru.

"Mbona nasikia kwaru kwaru?"

"Tunalainisha, bwana."

"Ahsante, fundi!"

Kesho yake tena, paka paka paka, kwaru kwaru kwaru.

"Mbona mmenenepa?"

"Ukarimu wako, bwana. Ahsante!"

Siku ya nne nguzo zote zilikuwa na lipu safi, na ndani hamna kitu. Kiboko akafurahi, akaegemea moja ajaribu uimara wake.

Pwaaa! Ghala chini. Mtama ukamwagika, shwaaa, hadi miguuni kwa Bi Digidigi. Kiboko akatimkia mtoni, na mpaka leo hukaa majini, kusiko na nguzo.

Wanyama wakachota, kila mmoja chake. Bi Digidigi akalia tena, safari hii kwa furaha. "Ahsante, mwanangu. Leo wanangu wanakula."

"Ahsante wewe, mama, uliyeniruka usinikanyage."

Ngano yangu imefika, ipokeeni mzigo.
— Tumeupokea!

Na funzo lake: mchwa ni kiumbe mwema, tumshukuru, tusimdhuru kamwe. Sasa wewe Mwanakheri uliye karibu na mlango, nipe hilo kopo la oili chafu, upesi. Naona lipu kwenye nguzo yangu, na mimi sijaita fundi.