Goti Kwenye Theluji

Jumapili ya mwisho ya Novemba, kabla giza halijaingia, timu ya Korongo ilitwaa ubingwa wa mpira wa Kanada kwa tofauti ya pointi moja. Theluji ilikuwa ikianguka tangu asubuhi.

Mama mmoja alikuwa na wana wawili katika timu hiyo. Alitoka nao Fizi, Kongo, wakiwa wadogo, akawalea katika kambi ya wakimbizi, kisha akafika nao Kanada, katika mji ule wa baridi ambako watoto hurusha mpira wenye umbo la yai kabla hawajajua kusoma. Mkubwa aliitwa Asukulu. Alikuwa mzito, mwenye mgongo mpana, na kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele akiwasukuma watu ili mwingine apate njia. Katika miaka yake yote ya kulipwa kwa kazi hiyo hakuwahi kuushika mpira wakati wa mechi. Mdogo, Etabo, alikuwa mrudishaji: wapinzani wakiupiga mpira mbali, yeye huudaka nyuma kabisa na kurudi nao mbio. Huyo mji mzima ulimjua. Akiugusa mpira tu, majukwaa yote yaliinuka yakiita jina lake, na Mama Asukulu, chupa ya chai mapajani, aliwaambia waliokaa jirani kwamba yule mkubwa alimzaa kwa uchungu, lakini huyu mdogo alitoka akikimbia.

Mchezo huo una sheria moja ambayo wageni huishangaa. Mpira ukipigwa ukaangukia eneo lako la nyuma, una hiari. Unaweza kutoka nao mbio, ukijua kwamba wanaume wazima wanakuja kukuangusha. Au unaweza kupiga goti pale pale. Ukipiga goti, wapinzani wanapewa pointi moja na hakuna tena anayeruhusiwa kukugusa. Pointi moja si kitu kikubwa mahali ambapo kufika mstari wa mwisho wa adui huleta sita. Lakini Etabo hakupenda kuitoa. Aliwaambia wenzake kwamba magoti yake aliyaweka kwa ajili ya kanisani, na wenzake walicheka, kwa sababu kanisani kwenyewe hawakuwahi kumwona.

Msimu ulianza vibaya. Korongo walipoteza mechi za mwanzo, na watu wakaanza kuuza tiketi zao kwa bei ya kutupa. Kisha Julai Etabo alidaka mpira nyuma kabisa ya uwanja wa nyumbani, akapita katikati ya watu kama anayepita sokoni, akaufikisha upande wa pili. Wakashinda. Wakashinda tena, na tena, na mji ukawaka. Watoto walicheza mitaani wakiwa na jezi zake. Magazeti yalianza kuhesabu: mbio chache zaidi za namna ile na rekodi ya ligi itakuwa yake.

Mwezi Agosti, wakiwa wanaongoza dakika za mwisho, mpira uliangukia eneo lao la nyuma. Kocha alimwonyesha Etabo ishara ya goti. Etabo aliiona, akakimbia. Aliwakwepa wa kwanza, akachanja mbuga, akawa tayari anasikia jina lake, ndipo mtu mmoja alipotokea ubavuni na kumpiga mkononi. Mpira ulichomoka. Wapinzani waliuokota, wakafika nao mwisho, wakashinda. Watu walikuwa wameangukiana rundo zima, na chini yao kabisa alikuwa Asukulu. Aliinuka akichechemea, goti lake la kulia limejipinda. Kwa kuwa mtu wa mbele humpa mrudishaji mgongo, hakuwa ameona lolote. Alimwuliza mdogo wake mpira uko wapi. Etabo alitazama pembeni.

Jioni hiyo waandishi wa habari walimwuliza Etabo kilichotokea. Alisema watu wa mbele hawakumfungulia njia. Asukulu aliisikia kauli hiyo redioni, garini, akimrudisha mama yao nyumbani. Mama alinyoosha mkono akazima redio.

Tangu siku hiyo Asukulu alifungwa bandeji nzito kabla ya kila mechi, na Etabo alivalia viatu vyake upande wa pili wa chumba. Daktari alisema goti lile halitaufikia msimu mwingine. Kikombe cha ubingwa kilichokuwa mbele yao ndicho pekee ambacho Asukulu angeweza kukishika. Wote wawili walilijua hilo.

Korongo walifika fainali. Rekodi ya Etabo ilikuwa imebakiza mbio moja.

Mchana kutwa timu mbili zilivutana kwenye theluji. Wafanyakazi waliifagia mistari ya uwanja, nayo ikafunikwa upya kabla hawajamaliza. Sekunde za mwisho Korongo walikuwa mbele kwa pointi mbili, na wapinzani walijipanga kupiga mpira upite katikati ya nguzo. Ukipita ni pointi tatu, na kikombe ni chao. Kocha alimshika Etabo mabegani akamwambia maneno machache tu: mpira ukikosa nguzo, udake, piga goti. Etabo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameitikia hivyo hivyo Agosti.

Mpira ulipigwa. Uwanja mzima uliutazama. Ulipanda vizuri, ukaja moja kwa moja, kisha upepo ukausukuma kulia na ukaikosa nguzo kwa upana wa kiganja. Majukwaa yalilipuka. Etabo aliudaka kifuani. Muda wa mchezo ulikuwa umekwisha, lakini katika mchezo huo mpira ulio hai lazima umalizwe, na ulikuwa hai mikononi mwake.

"Kimbia!" watu wake walipiga kelele kwa Kiswahili, na wengine wote kwa lugha zao, sauti juu ya sauti, mpaka hakuna aliyejisikia mwenyewe. Wapinzani wote walikuwa wakija upande wa kulia. Kushoto theluji ilikuwa imelala bila alama ya mguu hata mmoja, kutoka miguuni pake mpaka mwisho wa uwanja. Rekodi ilikuwa pale, imetandikwa. Etabo aliinama, akaanza kuondoka.

Ndipo alipouona mgongo wa kaka yake. Asukulu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine akiuburuta, na mbele yake mtu mkubwa kuliko yeye alikuwa akisukuma kwa nguvu zote bila kupita. Hakugeuka kutazama nyuma. Alikuwa akiilinda njia ambayo hangemwona mtu yeyote akiipita. Mgongo ule ulisimama vile vile Agosti. Na njia ilikuwa wazi vile vile.

Etabo alipiga goti.

Kelele zilikatika ghafla. Mwamuzi aliinua mkono kuwapa wapinzani pointi yao, na kwa muda mfupi watu maelfu walisimama midomo wazi, wakitoa moja katika mbili. Asukulu alikuwa akiujua ukimya wa namna ile tangu Agosti. Alimwachia mtu aliyekuwa akimzuia, akageuka taratibu, akamwona mdogo wake chini kwenye theluji.

"Mpira uko wapi?"

"Huu hapa, kaka," Etabo alisema, bado amepiga goti, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Na Agosti njia ilikuwa wazi."

Hapo ndipo uwanja ulipomaliza hesabu yake. Uliinuka wote mara moja, na wachezaji wakawaangukia ndugu hao wawili, na kofia zikaruka hewani pamoja na theluji. Juu jukwaani chai ilimwagika. Mama Asukulu aliwalalamikia majirani zake kwamba amevaa makoti matatu kuja kumwona mwanawe akipiga goti, huku akiwakumbatia mmoja baada ya mwingine, hata wale wasioelewa aliyokuwa akiyasema.

Nanyi ambao majina yenu yanaitwa leo, ni mgongo wa nani uliowafungulia njia, na mara ya mwisho mliutaja lini?

Rekodi ya ligi ilibaki kwa yule aliyeiweka zamani. Asukulu alitoka uwanjani akichechemea, mkono mmoja begani kwa mdogo wake, na mpira kwapani.