Chai Iliyokimbilia Mlangoni

Mwalimu mmoja wa milimani Rungwe alikuwa na wanafunzi watano, roboti moja, na mdomo uliozidi vyote hivyo kwa ukubwa. Jina lake Mwaipasi. Alikuwa amefundisha Lusaka, akafundisha Bujumbura, akakaa miaka miwili Muskati akiuza friji, na kila alikotoka alibeba vichekesho akaacha nguo.

Roboti waliipa jina Mtumishi. Alikuwa na magurudumu mawili, mikono miwili ya bati, na kazi moja tu: kubeba viboksi vya dawa kutoka upande mmoja wa meza pana hadi kwenye zahanati iliyochorwa upande wa pili, bila kwenda kombo. Mashindano ya roboti ya shule za mkoa yangefanyika Mbeya mjini, na timu nne bora zingekwenda Dodoma. Shule ile haikuwahi kufika hata Mbeya mjini kwa jambo lolote isipokuwa matibabu, na kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kikiulizia afya ya Mtumishi kama anayeulizia mtoto mchanga.

Siku mkuu wa shule alipokuja darasani kumwona Mtumishi, Mwalimu Mwaipasi alieleza kwa mikono yote miwili jinsi roboti inavyogeuka, akasahau kwamba mkono mmoja umeshika kikombe. Chai yote chini. Ikapita chini ya madawati, ikakata darasa zima, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vyeupe vya mkuu wa shule aliyesimama mlangoni.

"Mnaona?" akasema Mwalimu. "Hata chai yangu inamjua bosi ni nani."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu mwenyewe alicheka huku akifuta kiatu. Ndipo Mtumishi akawekwa chini, akawashwa. Alikwenda vizuri hatua chache, kisha akaanza kuvutwa kushoto, kushoto zaidi, mpaka akaishia mlangoni ilikoishia chai.

Programu yake ilikuwa imeandikwa na Sekela, msichana wa kidato cha tatu, mwenye kutumia maneno kama mtu aliyeyaazima na atatakiwa kuyarudisha. Akainua mkono.

"Mwalimu, sakafu imeinamia mlangoni. Naomba tumjaribie pengine."

Alisema kweli. Wazazi waliolijenga darasa lile waliiinamisha sakafu kwa makusudi, ili kila Ijumaa wanafunzi wanapodeki, maji yatoke yenyewe bila kusukumwa. Lakini hilo lilikuwa zamani. Waliokuja baadaye walisimama juu ya ule mwinamo miaka nenda rudi, na miguu yao ikauona kuwa ndio usawa. Mwalimu naye alikuwa na miaka tisa humo ndani.

Tena kicheko cha chai kilikuwa bado cha moto, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha kicheko kipoe.

"Jamani," akasema, "nimezunguka nchi tatu za watu. Nimeona wanaosingizia betri. Nimeona wanaosingizia wachawi. Wa kuisingizia sakafu ndiyo kwanza namwona leo!"

Walicheka mpaka wakapiga madawati. Mwalimu aliuona uso wa Sekela ukijifunga kama duka, na kitu kikamchoma kidogo kifuani. Lakini kicheko kilikuwa kitamu, akavimeza vyote kwa pamoja.

Basi Mtumishi akatibiwa. Kila alasiri gurudumu lake la kushoto liliongezewa nguvu kidogo, ili limsukume kulia. Sekela ndiye aliyeyaandika marekebisho hayo, maana ndivyo alivyoagizwa. Baada ya wiki tatu Mtumishi alilikata darasa akiwa amenyooka kama mstari wa rula, na Mwalimu akatangaza kwamba mgonjwa amepona.

Mbeya, kila timu ilipewa zamu tatu, na alama za zamu zote zikajumlishwa. Zamu ya kwanza Mtumishi alipinda kulia, akadondoka mezani na dawa zake. Zamu ya pili akadondoka palepale.

"Meza yenu imepinda!" Mwalimu akapaza sauti, ukumbi mzima ukamgeukia.

Mwamuzi, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, hakubishana naye. Alitoa pima maji, ile ya mafundi ujenzi, akailaza juu ya meza. Kiputo cha hewa ndani yake kikatulia katikati kabisa. Akaigeuza upande mwingine. Kikatulia tena. Watu wakacheka. Safari hii Mwalimu hakuwa ameomba kuchekwa.

Alikitazama kile kiputo, na kilichomjia kichwani hakikuwa fizikia. Ilikuwa chai. Aliiona ikipita chini ya madawati, ikikimbilia mlangoni mbele ya macho yake. Mtumishi hakuwahi kuumwa. Walikuwa wamemfundisha kupinda, ili aonekane mnyoofu ndani ya nyumba iliyoinama.

Sekela hakungoja kuambiwa. Alifungua kompyuta, akafuta kazi yote ya wiki tatu, akabakiza ile aliyoandika siku ya kwanza. Zamu ya tatu Mtumishi alikwenda kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Viboksi vyote sita vilifika zahanati, na hakuna timu nyingine iliyofikisha sita kwa zamu moja siku ile. Lakini zamu moja si tatu. Wakawa wa tano.

Wakati wa kumfunga Mtumishi ndani ya katoni yake, Mwalimu alishika upande mmoja, Sekela upande wa pili. Wale wanne wengine walisimama wakingoja kichekesho, maana walimzoea. Hakikuja. Mwalimu aliinama, akasema kwa sauti ndogo, karibu ya kubembeleza:

"Sekela, mwanangu. Si ungeniambia tu? Mbona ulinyamaza?"

Sekela alivuta selotepu juu ya katoni, akaikata kwa meno.

"Nilisema, Mwalimu. Ukawachekesha wenzangu."