Begi Lililofungwa Kabla ya Majibu

Wapendwa, niwape mfano wa bibi mmoja aliyebeba begi la mkwewe mpaka hospitali.

Mjukuu wake alikuwa ameota uvimbe shingoni. Bibi hakuuliza dawa, aliuliza, "Huu umetoka upande gani?" Tunajuana, au nasema uongo? Mtoto akifaulu mtihani, damu yetu hiyo! Akiugua, ni ya kwao mama yake.

"Kwetu hakuna kitu kama hiki," bibi akasema. Akazikunja kanga za mkwewe, akafunga begi. Vipimo vikitoka tu, mkwe apande basi arudi kwao, na mtoto abaki. Yule mama akakaa kwenye benchi, mtoto mapajani. Na mumewe? Anachezea simu! Akina baba, mbona mmeinama?

Daktari akawaita ndani. "Seli za mwili hupeana ishara," akasema. "Ikija ishara ya kukua, zinakua. Lazima pawepo kitu cha kuzituliza, kiseme basi, inatosha. Kinatengenezwa kwa maagizo ya jeni moja iliyomo ndani ya seli zenyewe. Kila mtu anayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa mtoto huyu, moja imekatika katikati."

"Ya mama yake!" bibi akadakia, mkono umeshashika begi.

"Hapana, bibi. Iliyokatika ni ya baba, na si kosa la mtu. Ya mama ni nzima, ndiyo inayofanya kazi peke yake kuuzuia huu uvimbe usiende mbio. Tumeuwahi. Tutautoa, na mtoto atapona."

Jamani! Bibi akafungua mdomo aseme mashine zimekosea. Safari hii mwanawe akaweka simu chini, akasimama.

"Mama, basi. Inatosha."

Bibi akamtazama mjukuu, akamtazama mkwewe, machozi yakamtoka. "Mkwe wangu, mwanangu, nisamehe. Kumbe nilikuwa namfukuza aliyemshikilia mtoto wetu!"

Akajitwika lile begi kichwani, akatoka nalo akipiga vigelegele korido nzima, manesi wanamwambia bibi punguza sauti, wapi! Stendi hawakwenda. Walikwenda nyumbani kungoja siku ya upasuaji, mkwe mbele, bibi nyuma na mzigo wake, na yule mama analia na kucheka kwa pamoja. Haleluya!

Sasa sisi. Mungu alimpa yule mtoto nakala mbili, moja ilipokatika nyingine ikasimama. Nyumbani kwako amekupa nani? Yule unayemwita mkosi, unayemnunia mezani, una hakika siye anayeishikilia nyumba yako isianguke? Na wewe uliyenyamaza ukitazama simu, neno basi unamwachia nani alitamke?

Begi la mtu umeshalifunga, najua. Umelifunga moyoni. Ukitoka hapa leo kalifungue, na kanga zake uzirudishe kabatini kwa mikono yako mwenyewe.