Kidonda Kilichopona Vizuri Mno

Anayesinzia pale nyuma mwamsheni, mfano huu ni wake pia.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani. Presha ya macho ilishamla jicho la kushoto, akabaki na la kulia tu. Daktari akalifanyia upasuaji: akatoboa kitundu kidogo juu, maji yanayolisonga yapate pa kutokea. Kisha akamwambia, "Mama, mwili wako utataka kukiziba hiki kitundu. Tia haya matone miezi mitatu, usiruke hata siku moja, na kila wiki uje nikuone."

"Hata kama haliumi?"

"Hasa kama haliumi."

Mama akarudi nyumbani na hofu yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alitunga uzi kwenye sindano. Ukipita, ndipo anapumua. Wiki ya tatu wekundu ukaisha, maumivu hakuna. Wenzake wa kikundi cha maombi wakamwambia, "Dada, umeshapona. Jumapili simama utoe ushuhuda." Akasimama, watu wakapiga makofi. Sasa niambieni, mtu aliyeshuhudia mbele ya kanisa zima kwamba amepona, kesho yake atatiaje matone? Si watasema hana imani? Chupa akaificha kabatini, na kliniki hakwenda tena.

Lakini moyo haukutulia. Kila asubuhi sindano, kila asubuhi hofu ileile. Mpaka siku moja uzi ukakosa tundu mara nne. Akaenda kwa daktari mbio.

Daktari akamulika jicho.

"Kidonda kimeharibika, daktari?"

"Hapana, mama. Kimepona vizuri mno. Kovu limeziba njia yote. Nitajaribu kuifungua tena, ila ulichokwisha kupoteza hakirudi."

Na waliopiga makofi ni kina nani? Ni sisi, wapendwa. Tunapenda sana kupona haraka. Jumapili iliyopita Neno lilikutoboa, ukalia hapa mbele kwa ajili ya ndugu yako ambaye hamsemezani naye. Nilikuona. Jumatano nikakuuliza kama umempigia simu, ukanijibu, "Mchungaji, sasa nina amani." Amani hiyo mimi inanitisha. Mungu alikufungua ili yale machungu yatoke, na siku tatu tu umeshafunga.

Leo sitaki ushuhuda wako. Toka nje umpigie, kabla hapajaziba.