Aibu ya Mnunuzi

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba mchonga vitana mmoja aitwaye Mundhir bin Asad aliingia siku moja katika mji wa Wasit, ukingoni mwa mto Dijla. Alikuwa akiongoza punda wake mmoja, na nyuma ya punda alikuja binti yake wa miaka kumi na mmoja, Lubaba. Ilikuwa ni mara ya tano kuhama katika miaka minne.

Mundhir alikuwa mcha Mungu, tusimdhulumu. Sala tano hazikumpita, na vitana vyake havikuwa na hila hata jino moja. Lakini alibeba wasia shingoni. Mkewe, Allah amrehemu, alipokuwa katika sakarati ya mauti alimshika mkono akamwambia, "Mlee mwanangu kati ya watu wema." Tangu siku hiyo mtu yule hakutulia. Katika mtaa wa kwanza jirani alipuliza zumari, akahama. Katika wa pili wanawake walisengenyana kisimani, akahama. Wa tatu watoto walitukanana. Wa nne mwenye duka aliapa kwa kila pishi ya ngano. Wa tano hakumaliza hata mwezi, maana alimsikia muadhini akimkaripia mkewe kwa sauti.

Kila mara Lubaba alipouliza, "Baba, hawa wamefanya nini?" alipewa jibu, na jibu lilikuwa la kweli. Kisha baba humwongezea, "Usizoeane nao, mwanangu. Yasiyokuhusu yaache yapite." Mtoto akayaacha yapite. Kufikia mtaa wa nne alikuwa hafungui tena bunda lake la nguo. Huchomoa vazi moja, akalivaa, akalifua, akalirudisha.

Sasa mtaa wa wafumaji wa Wasit ulikuwa na sifa zake. Mikate yote ilichomwa katika tanuri moja. Mtoto wa mmoja alikuwa wa wote: ukimkuta wa jirani anachezea moto unamrudi, na mamaye anakuja kukushukuru badala ya kukutolea macho. Mundhir aliswali pale adhuhuri moja tu, moyo wake ukamwambia kwamba wasia umefika mwisho wa safari. Kulikuwa na nyumba inauzwa. Akapanga chumba kwa muda, mkabala na karakana ya mtia rangi, akamwendea mwenye nyumba, wakaafikiana.

Likabaki jambo moja. Sheria waliyoifuata ilimpa jirani wa ukuta mmoja haki ya kuinunua nyumba kabla ya mgeni, na jirani huyo alikuwa Bi Atika, mjane mfumaji, mwenye ulimi usiozunguka. Akamwita Mundhir, akamkalisha barazani.

"Mwanangu, anayeuza ng'ombe mwenye kilema, yampasa akitaje kilema. Sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Sisi hapa mnunuzi naye hutaja chake. Wewe unanunua nyumba, sisi tunanunua jirani. Ijumaa baada ya sala utasimama mbele ya watu, ututajie aibu ya nyumba yako. Ukisema kweli, haki yangu nitaiacha."

Mundhir alirudi chumbani hana raha. Mtu huyu aliyeweza kukutajia aibu za mitaa mitano bila kupumua, ya kwake haikumjia. Akafikiri atasema kwamba anakoroma. Akaona ni haba, akaongeza kwamba huwa mkali akiwa na njaa. Akajaribu kuridhika, lakini msumeno ulimteleza mkononi, na siku hiyo vitana viwili vikavunjika meno.

Alhamisi asubuhi yakatokea ya kutokea. Mzee Yaish, kipofu aliyewasomesha Qurani watoto wa mtaa mzima, alikuwa akipita njia yake ya siku zote. Salit, mtia rangi, alikuwa ameliacha shimo lake la rangi ya nili wazi akakimbilia maji. Mzee akatumbukia. Walimtoa akiwa hai, buluu hadi kidevuni, mguu umevunjika. Salit akalia mbele za watu akasema kosa ni lake. Watu wakaufunga mguu wa mzee, wakapeana zamu za kukaa naye. Mundhir naye alimbeba pamoja nao, akarudi chumbani akimshukuru Mola aliyemfikisha kwa watu wa namna hii.

"Umeona, mwanangu, jinsi wanavyopendana?"

"Nimeona," akasema Lubaba. "Na mzee nilimwona pia. Nilikuwa mlangoni."

"Ulimwona akianguka?"

"Nilimwona tangu mbali, anakuja. Na shimo nililiona."

"Na hukumwita?"

Mtoto akamtazama, hana hofu wala hila. "Simjui jina, Baba. Nilidhani watamwambia watu wake."

Mundhir akakaa. Akasimama. Akaenda mlangoni akarudi, akaenda tena. Hakuna aliyemwona mtoto, na Salit amekwisha kukiri. Akisema, watu hawa watamtakia nini mtoto wa namna hii kati ya watoto wao? Na asiposema, kesho atasimama msikitini, mguu wa mzee umefungwa vijiti, aseme kwamba yeye anakoroma! Mikono yake ikafanya inachokijua: ikashika kamba. Akampakia punda misumeno, vitana, sufuria, busati, mbiombio, jua la alasiri likimchoma kisogoni. Lubaba akaleta bunda lake. Halikuwa na haja ya kufungwa.

"Tunahama tena, Baba?"

"Tunahama."

"Hawa wamefanya nini?"

Miaka minne swali hilo halikuwahi kumkosesha jibu. Akatazama njiani. Mwanamke alikuwa akipita na bakuli la mchuzi kwenda kwa mzee, na mtoto asiye wake amemtangulia kumfungulia mlango. Mundhir akatafuta zumari, akatafuta tusi, akatafuta kiapo, asione. Aibu ilikuwa imepakiwa juu ya punda wake, na kokote aendako ingeshuka pamoja naye.

"Hawakufanya kitu, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi." Akaanza kuifungua kamba.

Ijumaa baada ya sala alisimama. "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nilikuwa nimejiandalia aibu ndogo mbili, nimeziacha nyumbani. Aibu yangu ni hii. Binti yangu alimwona Mzee Yaish akiliendea shimo, naye akanyamaza. Si ukatili wake, ni mafunzo yangu. Nilimwepusha na ubaya wa watu mpaka nikamwepusha na watu wenyewe. Mkinikataa, mna haki."

Mtu mmoja akasema, "Basi na aende," na wapo waliotikisa vichwa. Ndipo sauti ya Bi Atika ikatoka upande wa wanawake.

"Miaka thelathini wanunuzi wananitajia kukoroma. Leo mtu ametaja aibu. Haki yangu nimeiacha. Lakini aliyevunjika mguu si mimi, wala si nyinyi. Aulizwe mwenyewe."

Wakaenda kwa Mzee Yaish, Mundhir amemshika Lubaba mkono. Mzee alikuwa na maumivu, na maumivu hayakumfanya mpole.

"Maneno ya kuombana radhi yaacheni, kichwa kinaniuma," akasema. "Mguu ukiunga, mtoto huyu ataniongoza msikitini na kunirudisha. Nami simpiti mtu njiani ila nimsalimu kwa jina lake. Atakuwa akiniambia ni nani."

"Mtoto hawajui watu, shekhe wangu," akasema Mundhir.

"Ndiyo maana."

Ikawa hivyo. Mwanzoni Lubaba alikuwa akisema, "Mwanamke mwenye kapu," na mzee husimama palepale kama punda aliyegoma, hata mtoto aende akaulize jina. Sala ngapi walizikuta zimekwisha kukimiwa! Lakini majina yakaingia, na nyuma ya majina zikaingia habari: nani ana homa, nani amejifungua, nani mwanawe yuko safarini.

Mwaka haujatimia, Mundhir alikuwa nyumbani kwake akichonga, akasikia sauti imepaazwa njiani. Mkono ukasimama. Kwa sauti ya namna ile alikuwa ameuhama mtaa mzima.

"We Jabala! Umeliacha shimo wazi tena? Mzee Yaish anapita hapa! Na mtoto wa Bi Rayta ameanza kutambaa! Funika, tena upesi!"

Ilikuwa sauti ya binti yake, akimkaripia mwanafunzi wa Salit mtia rangi. Mundhir akauweka msumeno chini akasema, "Alhamdulillahi," mara tatu, huku akilia na kucheka. Na wanaosimulia wanasema kwamba baadaye mtu alikuja kuiazima ile kamba ya kufungia mizigo, Mundhir akaitafuta nyumba nzima, asikumbuke ameiweka wapi.

Ndugu zangu, tumeusiwa kumtazama jirani kabla ya nyumba, na wasia huo ni haki. Lakini mtoto huwasoma majirani kwa macho ya mzazi wake. Tukirejea majumbani leo, kila mmoja na amuulize mwanawe jina la mtu wa ukuta wa pili. Akilijua, tumshukuru Mola. Asipolijua, tusimkemee mtoto.