Kifuniko cha Lenzi

Mtabisha, nawajua. Yule baba wa safu ya tatu ameshakunja uso na sijasema kitu. Bisheni tu. Mimi shule niliiachia darasa la sita, na kila Jumapili mnakuja na digrii zenu kunisikiliza, kwa hiyo tulieni.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekusanya kamera za zamani, zile za filamu. Kabati zima. Alizifuta kwa kitambaa laini, akazilaza kwenye pamba, hakuna hata moja yenye mkwaruzo. Ukitaka kushika, unawe kwanza. Filamu hakutia. "Zitachakaa," alisema.

Mama yake akaugua, ugonjwa ule wa kuaga watu. Akamwita. "Baba, nipige picha ya kuweka mbele ya jeneza langu. Ile ya kitambulisho nimekaa kama mwizi wa kuku."

Wajukuu wakatoa simu. Akawafukuza. "Mama yangu hapigwi picha na vitu vya plastiki."

Akachukua kamera aliyoipenda kuliko zote, akatia filamu. Sasa nisikilizeni vizuri. Kamera ya aina ile ina njia mbili. Jicho lako linachungulia kidirisha cha juu. Filamu inaona kupitia lenzi. Kidirishani unamwona mtu mmoja kama wawili, utadhani umelewa. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili wawe mmoja. Akazungusha. Mama akawa mmoja, kila kunyanzi la uso mahali pake. Akaimaliza filamu yote huku machozi yanamtoka, kwa jinsi alivyomwona.

Mama akafa. Filamu ikapelekwa kusafishwa, ikatoka tupu, angavu kama kioo cha dirisha. Fundi akamwuliza, "Kaka, kifuniko cha lenzi ulikitoa?"

Hakukitoa. Miaka yote kile kifuniko kilikuwa pale kuilinda lenzi na vumbi, na kidirisha hakikumwambia kitu. Jeneza likatanguliwa na mwizi wa kuku.

Mnacheka? Nani anacheka humu? Ni sisi hao. Tunakwenda kumwona mgonjwa, tunamwona vizuri kabisa, mpaka tunalia. Kuna kilichoingia ndani? Moyo tumeutunza usikwaruzwe, na kweli haukukwaruzwa. Ni mzima, unang'aa, na hamna mtu ndani. Mngependa niseme kuna filamu nyingine dukani. Ya kumpiga nani? Aliyekuwa amekaa pale ameshazikwa.

Kuna sehemu nimeiruka. Huwa naiacha, kwa sababu nikiisema sina la kuwafariji. Mama aliona. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya lenzi. Alisema kwa kile kisauti kilichobaki, "Baba, mbona hiyo kamera yako imefumba jicho?"

Na mtaalamu wetu akamjibu, "Mama, tulia. Usitikisike."