Ukuta wa Bustani na Fundi Aliyeubomoa

Fundi mmoja wa mawe alikuwa na jina kubwa katika mji wake, na jina hilo lilisimama juu ya ukuta. Ukuta wenyewe ni wa kale, wa mawe ya matumbawe, wenye lango la tao. Umeizunguka bustani ambamo watu wa mji hupumzika baada ya alasiri. Zamani Mshamu, maana ndilo jina la fundi huyo, alipokuwa angali kijana, ukuta ulianza kumomonyoka. Wakubwa wa kazi walitaka chokaa ilowekwe shimoni miezi sita kwanza. Mshamu akauziba kwa saruji kwa siku tatu. Mji ukashangilia, na tangu hapo haikujengwa nyumba bila ya yeye kuitwa.

Miaka thelathini ikapita. Idi ilipokaribia, kamati ya bustani ilimwita aupake ukuta rangi nyeupe, tena ikaandaa kibao cha marumaru chenye jina lake, kiwekwe langoni. Mshamu akapitisha kiganja juu ya kazi yake ya ujanani, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta ukaitika kama mtungi mtupu. Akajua. Jiwe la matumbawe hunywa mvua na kuitoa jua liwakapo. Saruji ilikuwa imeliziba pumzi, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yameyafanya mawe kuwa unga. Nje palikuwa pazuri. Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kupaka rangi, akasherehekea Idi, akafa na jina lake.

Akashika tindo na nyundo, mchana, watu wamejaa. Saruji ikaanguka bamba kwa bamba, na unga wa mawe ukamwagika miguuni pake. Muuza kahawa akapaza sauti: "Ala, Fundi! Tumekuita uupambe, nawe waulipizia kisasi? Umekukosea nini?"

Watu wakacheka. Mshamu hakuiweka nyundo chini. Akasema, "Haukunikosea. Mimi ndiye niliyeuua, nanyi mkanipongeza."

Kicheko kikakatika. Kibao kikarudishwa ghalani. Idi ikaja ukuta ukiwa na mapengo, na wenye nyumba wakaanza kuita mafundi wengine. Mshamu alikuwa shimoni, akikoroga chokaa na kuingoja. Ilipokuwa laini kama siagi, akatoa jiwe lililooza na kuweka zima, moja moja, akipima unyoofu kwa timazi, hata tao la lango likajibeba lenyewe. Masika yakaja, ukuta ukanywa. Jua likatoka, ukakauka. Jina la Mshamu halikuandikwa popote.

Basi niambieni, enyi mlioketi kunisikiliza: ni lini fundi huyu aliujenga ukuta ule, siku ile aliposhangiliwa, au siku ile alipochekwa?